Nilimwambia Walikale Ni Hapo Tu

Mpofi, Jumamosi, Novemba 1954. Mvua tangu alfajiri hadi adhuhuri, kisha jua hafifu. Moyo mzito, ingawa si kama jana.

Daftari langu, uniwie radhi kwa siku tatu za ukimya. Haukuwa uvivu. Nilikuwa na aibu, na mtu mwenye aibu hupata sababu nyingi za kutoshika kalamu: mara wino umeganda, mara macho yanauma. Macho yangu hayakuwa yakiuma.

Nitaandika mambo kwa mpangilio wake, maana nikianzia mwisho nitajipendelea.

Kazi yangu unaijua. Tangu Agata wangu alipofariki, nami nikaacha kufundisha kule milimani Masisi, Leta, yaani serikali, imeniweka hapa kutunza nyumba ya wapita njia: vyumba viwili vya matofali mabichi, baraza, jiko, na stoo. Upande mmoja barabara inapanda kwenda kwetu Masisi. Upande wa pili inaingia msituni kuelekea Walikale. Wazungu hulala vyumbani, watu wetu hulala barazani, na mimi huwaomba radhi wote, kwa sababu paa linavuja pande zote mbili.

Mwezi uliopita Bwana Ajenti wa teritwari, yaani mzungu wa wilaya, alinipa karatasi ngumu nyeupe. Alisema amechoka kusimamishwa njiani na kuulizwa maswali yaleyale. Aliniomba niandike, kwa mwandiko wangu wa misheni, maswali ambayo wasafiri huuliza na majibu yake, ili karatasi ipigiliwe mlangoni na kila mwenye kusoma awasomee wengine.

Nakiri kwamba nilifurahi kupita kiasi. Mzee anapoombwa mwandiko wake hujiona bado ana faida.

Maswali sita ya kwanza niliyaandika kwa siku mbili. Je, maji ya kijito ni mazuri? Ni mazuri juu ya daraja. Chini ya daraja wanaloweka mihogo. Je, nichukue blanketi? Anayepanda Masisi achukue mbili, maana wana wa msitu wakifika kule huketi juu ya moto hadi nguo zinaungua; anayeshuka Walikale aache moja kwangu, nitaitunza. Je, nitakula nini? Milimani maharagwe, viazi na maziwa. Msituni ndizi, sombe ya majani ya mihogo na samaki wa kukaushwa, na nyama ambayo ni adabu kutouliza jina lake. Je, kuna chui? Yuko, lakini hana habari nawe. Je, nitaongea lugha gani? Kihunde juu, Kinyanga chini, Kiswahili kila mahali, na tabasamu pale Kiswahili kinapoisha.

La sita lilikuwa juu ya makuti ya michikichi yaliyofungwa kukinga kijia cha pembeni. Wageni wengi huyaona na kuyaruka. Nikaandika kwamba usiyaruke. Huko ndani wazee wa msituni wako na vijana wao katika mambo ya desturi zao, na mgeni hana kazi huko. Mimi ni Mkristo na sijui yanayofanyika. Lakini hata nyumbani kwa jirani mtu habishi hodi wakati mlango umefungwa kwa kamba.

Swali la saba ndilo lililonishinda. Kila mtu huliuliza, kabla hata ya kutua mzigo.

Je, Walikale ni mbali?

Hapa sina budi kueleza jambo ambalo wenzangu wote wa njia hii hulijua bila kulisema. Kwetu, msafiri aliyechoka haambiwi kwamba njia ni ndefu. Mama yangu alinifundisha hivyo kabla sijaijua misheni: ukimwambia mtu mwenye mzigo kwamba bado ni mbali, umemwongezea mzigo wa pili juu ya kichwa. Unamwambia "ni hapo tu", unampa maji, naye anaondoka na nguvu.

Ila si kwamba tunamdanganya. Ukweli uko katika kidevu. Mdomo ukisema "hapo tu", kidevu kinaonyesha njia: kikisogea kidogo, ni karibu, kikinyanyuka taratibu hadi unaona koo la mzee, basi tafuta pa kulala. Kila mtu wa hapa anajua kusikiliza neno na kutazama kidevu. Ndivyo tunavyokuwa wapole na wakweli kwa wakati mmoja.

Nilikuwa nimekaa na kalamu siku tatu nikijiuliza jinsi ya kuandika kidevu.

Jumatano asubuhi lori lilisimama mbele ya baraza. Ni lile la mfanyabiashara wa mafuta ya mawese, ambalo hushuka Walikale mara moja kwa juma. Wakati dereva akitia maji katika mashine, mama mmoja alifika kwa miguu kutoka upande wa Masisi, mtoto mgongoni. Alijitaja kuwa Konsolata. Si mtu wa kwetu. Yeye na mume wake waliletwa kutoka Rwanda kufanya kazi katika mashamba ya wazungu kule juu, na sasa mume yuko Walikale kwenye kazi ya barabara. Mtoto alikuwa na homa na kifua. Kila alipopumua mbavu zilionekana. Mama alikuwa amesikia kwamba huko Walikale yuko mganga wa Leta mwenye sindano, naye ataondoka Ijumaa alfajiri kuzunguka vijiji, asirudi kwa majuma mawili.

Kwa hiyo alikuwa na Jumatano na Alhamisi tu.

Dereva alimwambia apande, nafasi ipo juu ya mapipa. Konsolata aliyatazama yale mapipa yanayoteleza, akamtazama mtoto. Aliniambia baadaye kwamba hakuwahi kupanda gari maishani mwake, na alikuwa ameona lori moja likipinduka kwenye kona za Masisi. Akaniuliza mimi, kwa sababu nilikuwa mzee, na nilikuwa nimevaa koti.

"Papa, Walikale iko mbali? Kwa miguu nitafika?"

Nami, Mungu anisamehe, nikajibu kama ninavyojibu siku zote: "Hapana, Mama. Ni hapo tu."

Na kidevu changu kilinyanyuka. Nakumbuka vizuri kwamba kilinyanyuka, hadi ukosi wa shati ukanibana. Lakini yeye alikuwa ameinama akifunga upya kitambaa cha mtoto. Na hata angetazama, nani angemfundisha kusoma kidevu cha mzee wa Kihunde?

Alinishukuru. Akamwambia dereva aende zake. Lori likaondoka, naye akalifuata kwa miguu, akiingia msituni kwa hatua za mtu anayekwenda kwa jirani.

Nilirudi kwenye karatasi yangu.

Muda wa saa moja ukapita, pengine zaidi, ndipo Leonardi akaja kuomba moto wa kuwashia kiko chake. Leonardi ni kantonye, yaani mkubwa wa wanaume wanaotengeneza barabara hapa kwetu. Ni Munyanga, mwindaji, na mwenye ulimi. Aliniuliza kama nimeona yule mama aliyekutana naye darajani, aliyemwambia kwa furaha kwamba atalala Walikale leo. Alidhani mama ana utani.

Nikamweleza kwamba aliniuliza mimi.

Leonardi alitoa kiko mdomoni. "Na wewe, Papa Mwalimu, ulimujibu namna gani?"

Nikamwambia.

Hakucheka, naye hucheka kila kitu. Alisema tu kwamba kwa mama mwenye mtoto hizo ni siku mbili kamili, na mito mitatu, na kwamba yule mtoto hana siku mbili. Atafika Ijumaa mchana, mganga amekwisha kuondoka.

Nilichukua mwavuli na fimbo. Sijui nilifikiri nini. Magoti yangu hayajapita daraja tangu mwaka jana. Leonardi alisema nikae, yeye atakimbia. Nikamwambia kwamba aliyemkosea si yeye. Basi tukaenda wote wawili, yeye akitembea pole kwa ajili yangu na kujifanya anakagua mitaro.

Tulimkuta ameketi juu ya gogo, ananyonyesha, au anajaribu, maana mtoto alikuwa hashiki ziwa. Nilivua kofia. Nikamwambia yote: kwamba Walikale ni siku mbili, kwamba nilijua, kwamba kwetu tunasema hivyo kwa wema, na kwamba ninaomba radhi. Nilipofika kwenye habari ya kidevu, nilijisikia mpumbavu kuliko siku zote nilizowahi kuishi.

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Papa, mimi sikukuuliza nipate nguvu," alisema. "Nguvu niko nayo. Nilikuuliza njia."

Kisha akanyanyuka, akafunga mtoto, akaanza kutembea tena. Kuelekea Walikale, si kurudi. Leonardi akamshika mkono kwa adabu akamwomba angoje.

Pale njiani, daftari langu, niliona kitu ambacho sikutaka kukiona. Unisamehe nikikiandika kwa ufupi.

Juma la mwisho la Agata, aliniuliza kama atapona. Nilijibu: "Karibu tu, mke wangu. Siku mbili hivi utainuka." Nilidhani ninamtua mzigo. Kwa sababu aliniamini, hakumwita dada yake kutoka Mweso, ambaye walikuwa na neno baina yao la miaka mingi ambalo lilihitaji kusemwa. Dada alifika baada ya maziko. Alisimama kaburini na mdomo wazi, kama mtu aliyeambiwa aseme na hakuna wa kumsikiliza.

Siku ile Agata alikuwa amefumba macho. Hakuniona uso.

Miaka minne nimekuwa nikijiambia kwamba ule ulikuwa upole.

Sasa narudi barabarani. Nilimwambia Leonardi kwamba katika stoo yangu kuna tipoyi. Ni kile kiti cha mianzi cha kubebwa mabegani, ambacho Leta iliniachia zamani kwa ajili ya mabwana wanaosafiri. Siku hizi mabwana wana magari, na panya wamekwisha kula kamba moja, lakini ni mali ya Leta, na kwenye mlango wa stoo imeandikwa, kwa mwandiko wangu mwenyewe, kwamba ni kwa ajili ya wakubwa tu.

 Leonardi alisema Bwana Ajenti akijua atanifukuza. Nikamjibu kwamba inawezekana.

Alirudi mbio Mpofi, akaja na tipoyi, blanketi moja na wanaume watatu wa barabara, wote wawindaji, wenye mabega kama milango. Walimkuta Konsolata amekaa upande wake wa gogo na mimi upande wangu. Mmoja wao aliniona nimeshika magoti akauliza kama ni miye mugonjwa wa kubebwa. Mwingine akasema mzee kama huyu hata bure hawamubebe, atawaambia kila kilima kwamba wamefika.

Walicheka sana. Konsolata hakucheka. Lakini aligeuza uso wake upande wa msitu, na nafikiri haikuwa kwa hasira tu.

Aliogopa kupanda. Alisema yeye si mzungu, watu wataona. Leonardi akamwambia kwamba njia ni yake yeye anayeilima kila siku, na kwamba leo mukubwa wa njia ni yule mutoto. Basi akapanda, akaweka mtoto kifuani, nikampa mwavuli wangu na ile blanketi, moja ya zile ninazowatunzia wasafiri, ambayo si yangu. Nitamwomba radhi mwenye blanketi akipita.

Wakaondoka kwa ile mbio ndogo ya wabebaji, wakiimba. Nilibaki pale hadi wimbo ulipokwisha masikioni. Kisha nikarudi nyumbani peke yangu, na kipande kile kifupi cha njia kilinichukua hadi machweo.

Alhamisi nilisali na kufagia. Ijumaa nilifagia tena mahali palipokuwa safi. Kila sauti ya mguu barabarani ilinitoa nje. Nilijaribu kuandika, nikaona kila sentensi inanitetea.

Leo kabla ya adhuhuri, katika mvua, Leonardi amerudi.

Niliona tipoyi tupu juu ya vichwa vyao kabla ya kuona nyuso, nikadhani mtoto amekwisha kufa. Naye, mtu wa hapa, alijua. Hakunisalimu kwanza, hakuuliza habari za nyumbani. Kutoka mbali kabisa alisema kwa sauti ya kawaida: "Mutoto iko muzima, Papa Mwalimu. Alipigwa sindano."

Ndipo akanisalimu.

Niliketi barazani nikalia, na wale wanaume wakajishughulisha na kukamua maji ya nguo zao.

Leonardi alinisimulia wakati wakila viazi. Jumatano walilala katika kambi ya makantonye, mtoto akipumua kwa taabu. Alhamisi walitoka kabla ya mapambazuko. Mto wa pili ulikuwa umejaa, wakavuka maji yakiwafika kifuani, tipoyi juu ya vichwa. Walifika Walikale jioni, mganga akiwa amekwisha kufunga masanduku yake kwa kamba. Alifungua moja. Alimchoma mtoto sindano usiku ule, na nyingine alfajiri, na dawa iliyobaki akamwachia mwanafunzi wake. Ijumaa asubuhi mtoto alishika ziwa. Baba yake alikuja kutoka kazini na udongo mikononi, akamshukuru kila mbebaji kwa jina.

Ameniambia pia kwamba njiani wale wanaume, kila kilima, walimwambia mama kwamba ni hapo tu. Ulimi wao haujui neno jingine. Mara ya kwanza alinyamaza. Mara ya pili alinyamaza. Mara ya tatu aliwauliza kama huko kwao watu wote wamezaliwa na mzee mumoja wa Mpofi. Walicheka hadi wakalazimika kutua tipoyi.

Na yule mama amenitumia salamu. Leonardi alizikariri kama alivyopewa: nisihuzunike, blanketi na mwavuli vitarudi na lori, na niandike kwenye karatasi yangu kwamba kutoka hapa kuna mito mitatu, na baada ya mto wa pili kuna kilima kimoja ambacho mutu atalia, na asione haya, hata wanaume wanne walilia.

Leonardi amekanusha habari ya kulia. Wenzake wamemsaliti.

Nimeandika jibu la saba. Nimeandika kwamba ni mbali. Kwamba mtu mwepesi atembee siku moja na nusu, mwenye mtoto siku mbili. Kwamba lori hupita Jumatano na si aibu kulipanda. Kwamba kuna mito mitatu. Kilima nimekiandika kama alivyosema. Sina hakika Bwana Ajenti atapenda, lakini ndiye anayetaka majibu.

Atapita Jumanne. Nitamweleza habari ya tipoyi mimi mwenyewe kabla hajaona matope kwenye mianzi. Nimejaribu kutunga maneno ya kuomba radhi, na kila mara naishia kusema sentensi moja tu, kwamba nilikitoa na ningekitoa tena. Si sentensi ya mtu anayeomba radhi. Nitaona kama nitaweza kuisema nikiwa nimesimama mbele yake. Huenda sitaweza. Akiniondoa, nitapanda Masisi na blanketi mbili, kama nilivyowashauri wengine.

Na Mweso nitakwenda. Dada yake Agata yu hai bado. Sijui nitamwambia nini, ila najua kwamba nitamwambia akinitazama.

Karatasi nimeipigilia saa saba. Saa tisa wamefika mafundi wawili wa mbao kutoka Masisi, watu wazima, wanakwenda kutafuta kazi upande wa Mubi, karibu na Walikale. Hawajui kusoma, au hawakutaka kusoma. Mmoja, hata hajatua msumeno, akaniuliza lile swali.

Nilihisi kidevu kinaanza kunyanyuka. Nilikishika kwa mkono, kweli kabisa, kama mtu mwenye jino bovu.

"Ni mbali, kaka," nilisema. "Hamutafika leo. Na kesho pia hamutafika."

Walinitazama kama niliyewalaani. Yule mdogo akamwuliza mwenzake kama huyu muzee iko anatufukuza ao namna gani. Nilimwambia tu kwamba kuna viazi, na kwamba upande wa kushoto wa baraza hauvuji sana.

Wakashauriana. Wakatua misumeno.

Sasa ni saa kumi na nusu, bado kuna mwanga wa kutosha kuandika. Wamekula, wamenyoosha miguu, na wote wawili wamelala fofofo, hata kofia hawajavua. Katika miaka yangu yote hapa sijaona wasafiri wakilala mapema hivi. Kumbe walikuwa wamechoka.

Nitawaamsha kesho jogoo wa kwanza akiwika, na chai iwe tayari.